Sura ya Sita: Ngano Laini ya Bonde la Gila

Chota unga wa ngano, ujaze kiganjani, fumba ngumi kwa nguvu kisha ifumbue taratibu. Ukiwa ni unga wa ngano ngumu, ule unaotakiwa na waoka mikate, utamomonyoka na kupenya kati ya vidole kama mchanga mkavu. Ukiwa wa ngano laini utabaki donge, na mistari ya vidole itaonekana juu yake. Mwoka keki mzoefu hana haja ya kusoma maandishi ya pakiti. Mkono wake umeshamwambia.

Siri iko ndani ya punje. Chembe za wanga zimezungukwa na protini pande zote, na katika ngano laini kuna protini mbili ndogo, puroindolini a na puroindolini b, zinazokaa juu ya chembe za wanga na kuzizuia zisigandamane na protini ile nyingine. Kinu kikiibana punje, wanga na protini vinaachana bila shida. Unga unatoka mwepesi, chembe zake nyingi zikiwa nzima. Kwenye ngano ngumu, jeni ya mojawapo ya hizo protini mbili imeharibika au haipo kabisa. Punje inapasuka kwa nguvu, chembe za wanga zinachubuka, na wanga uliochubuka hunywa maji mengi. Ndiyo maana kinyunga cha mkate hupokea maji mengi kuliko kinyunga cha biskuti. Kwa ngano ya kawaida, basi, ulaini ndio hali ya asili, na ugumu ni kasoro ya urithi ambayo wanadamu waliipenda wakaitunza. Ngano ya tambi, durumu, haikurithi jeni hizo tangu mwanzo, na punje yake ni ngumu kuliko zote.

Hayo ni mambo ya kinuni na jikoni. Shambani mkulima anauliza jambo jingine kabla ya hilo: mbegu hii inadai baridi au haidai? Ngano ya majira ya baridi lazima ipitie wiki kadhaa za ubaridi mkali ikiwa changa, la sivyo haitoi suke. Ipande Dodoma uone: itabaki majani mpaka ikuchoshe. Ngano ya majira ya kuchipua haina masharti hayo. Ikipata unyevu huota, hutoa masuke na kukomaa ndani ya miezi mitatu hadi mitano, kutegemea joto la mahali. Ngano inayolimwa Kenya na Tanzania ni ya kundi hili. Kanada huipanda Aprili na Mei, theluji ikishayeyuka. Lakini jangwa halifuati kalenda ya Kanada, na aina ninayotaka kuizungumzia katika sura hii, Sonora Nyeupe, ilijipatia sifa zake kwa kupandwa Desemba na Januari.

Sonora ni jimbo la kaskazini-magharibi mwa Meksiko, linalopakana na Arizona ya Marekani. Mwaka 1687 padri Mjesuiti Eusebio Francisco Kino alifika katika eneo ambalo Wahispania waliliita Pimería Alta, akajenga misheni, akagawa ng'ombe, farasi na mbegu za ngano mpaka alipofariki mwaka 1711. Wenyeji aliowakuta, jamii za O'odham, walikuwa wakulima hodari kabla yake. Walipanda mahindi, maboga na maharage madogo ya tepari yanayostahimili ukame, yote mazao ya msimu wa joto. Mvua kubwa za kule huja Julai na Agosti. Msimu wa baridi mashamba yalikaa wazi kwa sababu jalidi huua mahindi usiku mmoja. Kisha ghala lilianza kuisha Machi, na Aprili na Mei ilikuwa miezi ya kuzunguka porini kutafuta mbegu za miti na machipukizi ya mipungate.

Ngano iliingia katika pengo hilo barabara. Miche yake michanga haiogopi jalidi, hukua polepole wakati shamba halina kazi nyingine, na huvunwa mwishoni mwa Mei na Juni, ghala likiwa tupu na mvua za Julai zikiwa bado hazijafika. Udongo ule ule ukapata kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mengi waliyokuja nayo mapadri wenyeji waliyakataa, tena kwa silaha: waliasi mwaka 1695 na tena mwaka 1751. Ngano hawakuikataa. Hata ndugu zao wa Akimel O'odham kwenye Mto Gila huko Arizona, ambako hapakujengwa misheni yoyote, walipata mbegu kwa njia za udugu na biashara, wakaanza kuilima wenyewe bila padri wa kuwaelekeza. Hilo kwangu ndilo jaribio la kweli la zao jipya. Linapotembea peke yake kutoka kijiji hadi kijiji, bila bwana shamba wala ruzuku, ujue limejibu swali ambalo watu walikuwa nalo tayari.

Ukiliona shamba la Sonora Nyeupe likikaribia kukomaa, utalitambua kwa masuke yake. Hayana ndevu. Makapi yanayofunika punje yana rangi ya kahawia na malaika laini ukiyapitisha kidole, na kwa mbali shamba linaonekana jekundu kidogo. Mabua ni membamba na marefu kuliko ya ngano za leo. Ukipura suke kiganjani na kupuliza makapi, zinabaki punje fupi, nene, zenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Iume moja: inakatika kwa urahisi, na ndani ni nyeupe kama chaki, haina ule ung'avu wa kioo wa ngano ngumu. Hukomaa mapema, na kwa mkulima wa jangwani sifa hiyo ina thamani kuliko ukubwa wa mavuno. Kila siku anayoiokoa mwezi Mei ni siku moja chini ya jua la nyuzi joto 38 au 40.

Kuilima kunaanza na maji kabla ya jembe. Shamba hunyweshwa, huachwa mpaka udongo ushikike bila kunata, kisha mbegu hufukiwa sentimita 3 hadi 5. Ikizama sana inachoka njiani; ikikaa juu juu, ndege wanaifaidi. Uamuzi mgumu ni tarehe. Mche mchanga unavumilia jalidi, lakini ua halivumilii hata kidogo: jalidi moja la usiku wakati ngano inachanua huua chavua, na suke linakuwa zuri kwa nje, ndani hamna kitu. Anayepanda mapema mno anahatarisha maua yake mwezi Machi. Anayechelewa anakutana na joto la Mei, punje zinakauka kabla ya kujaa, na kinuni zinatoa pumba nyingi na unga kidogo. Dirisha lililobaki katikati ni finyu, nalo hutofautiana kati ya bonde na mwinuko ulio kilomita chache tu kutoka hapo. Wakulima wa Gila walilijua kwa kuangalia miti na nyota; wa leo wana takwimu za hali ya hewa, na bado hukosea miaka mingine.

Baada ya kuota, ngano hii hutoa vichipukizi vingi kutoka shina moja, kwa hiyo haihitaji kumwagwa kwa wingi. Maji hutolewa kwa vipindi: wakati wa vichipukizi, wakati suke linapovimba ndani ya jani la mwisho, wakati wa kuchanua, na wakati punje inajaa. Kisha mfereji hufungwa. Kumwagilia ngano inayoanza kukauka ni kupoteza maji na kualika mabua yalale.

Kulala ndiko udhaifu wake mkubwa. Mkulima aliyezoea mbegu za kisasa akiimwagia mbolea ya naitrojeni anayoijua, bua refu linarefuka zaidi, suke linaongezeka uzito, upepo wa kwanza unalaza shamba zima. Lakini kuna sababu ya pili ya kuizuia mbolea mkono, na hii wengi hawaitarajii. Naitrojeni nyingi, hasa ikitiwa kwa kuchelewa, huongeza protini kwenye punje. Mkulima wa ngano ngumu hulipwa zaidi protini ikipanda, kwa sababu mwoka mikate anataka gluteni yenye nguvu. Mkulima wa ngano laini anatakiwa kinyume chake. Kule kaskazini-magharibi mwa Marekani, ambako ngano laini nyeupe hulimwa kwa wingi na kuuzwa Asia, wanunuzi hupenda protini isizidi asilimia 10.5 hivi, maana ikizidi, biskuti inakuwa ngumu na keki inakataa kuumuka vizuri. Kwa hiyo mkulima huyu anajaribu kuvuna punje nyingi na nene zenye protini kidogo, na namna ya kufika huko ni kuipa ngano naitrojeni ya kutosha kukua na kuacha hapo. Ni kilimo kinachodai ustadi wa kujizuia. Sijui mazao mengi mengine ya nafaka ambayo mnunuzi anamwomba mkulima apunguze mbolea.

Kuhusu mavuno, tusidanganyane. Bonde la Yaqui, kusini mwa jimbo hilo hilo la Sonora, ngano za kisasa zenye bua fupi hutoa tani 6 na zaidi kwa hekta. Sonora Nyeupe haikaribii kiwango hicho, na wanaoisifu kana kwamba ndiyo mkombozi wa chakula cha dunia hawajawahi kuikopea pesa benki. Faida yake iko upande mwingine: gharama ndogo, maji machache, na unga usiofanana na unga mwingine.

Jambo la mwisho shambani ni mvua, au tuseme kutokuwepo kwake. Ngano nyeupe ina tatizo linalojulikana na kila mnunuzi wa nafaka: ikinyeshewa ikiwa imekomaa, huwahi kuota ikiwa bado sukeni. Punje nyekundu huwa na usingizi mrefu zaidi, nao unaambatana na ile rangi ya ganda. Punje inapoanza kuota, vimeng'enya huvunja wanga kuwa sukari, na unga wake hutoa kinyunga cha kunata kisichookeka. Maabara hupima kasoro hiyo kwa kuchanganya unga na maji, kuuchemsha, na kuhesabu sekunde ambazo kijiti maalumu huchukua kuzama ndani ya uji huo. Chini ya sekunde 300, bei hushuka. Mei na Juni ya jangwa la Sonora karibu haina mvua kabisa. Punje nyeupe ilipata pahala ambapo udhaifu wake haukuwa na nafasi ya kujitokeza.

Wakulima wa Gila waliivuna kwa mundu, wakatandaza masuke kwenye uwanja wa udongo mgumu, wakawapitisha farasi juu yake wazunguke mpaka punje zitoke. Wanawake walipepeta kwa vikapu. Punje nyingine zilikaangwa pamoja na makaa kwenye kikapu kinachotikiswa bila kusimama, zikasagwa kwenye jiwe, na unga huo uliokwisha kuiva ulikorogwa na maji tu ukanywewa. Msafiri akiwa na kifuko chake hakuhitaji kuwasha moto. Nyingine zilichemshwa na maharage ya tepari. Na unga wenyewe ulikuja kuwa tortila, mikate mipana ya bapa ambayo Sonora inajivunia mpaka leo. Gluteni yake si kali ya kuvuta kinyunga kirudi nyuma. Inatanuka na kutulia. Anayesukuma chapati anaijua kero ya donge linalorudi kila ukiinua mpini. Mpishi wa Sonora hatumii mpini. Analitanua donge kwa viganja, kisha analirusha kutoka mkono hadi mkono, likipanuka mpaka linafunika mikono yake kuelekea kwapani, jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ndipo analitupa juu ya bati la moto lenye mgongo uliobinuka. Linaiva kabla hujamaliza sentensi.

Ngano hiyo iliwatajirisha Akimel O'odham. Novemba 1846 jeshi la Marekani likielekea California lilipita kwenye vijiji vyao likiwa na njaa, na Luteni William Emory aliandika kwamba walipotaka kununua unga waliambiwa chakula ni cha kula, hakiuzwi, wachukue. Ukarimu wa namna hiyo haukuwazuia kuwa wafanyabiashara baadaye. Dhahabu ya California ilipovuta maelfu ya wasafiri kupitia kwao kuanzia mwaka 1849, waliuza ngano. Magari ya barua ya kampuni ya Butterfield yalipoanza safari zake mwaka 1858, waliuza ngano. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwaka, waliuza zaidi ya pauni milioni moja, yaani takriban tani 450, sehemu kubwa kwa jeshi la Kaskazini. Kuna kisa cha mwaka huo kinachonifurahisha. Kapteni Sherod Hunter wa jeshi la Kusini alimkamata Ammi White, mwenye kinu aliyekuwa akikusanya ngano kwa niaba ya adui, akakuta magunia 1,500. Hakuwa na magari ya kuyabeba. Akawagawia wale wale walioyauza, na haikuchukua muda jeshi la Kaskazini likaja kununua tena.

Kilichofuata hakifurahishi. Walowezi walihamia upande wa juu wa mto, wakachimba mifereji yao. Mfereji wa Florence uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880 ulimeza karibu maji yote yaliyobaki. Kufikia miaka ya 1890 mto ulikuwa umebaki mchanga mtupu, na watu waliolisha majeshi walikuwa wakipewa mgao wa unga mweupe wa serikali. Wengine walikata miti ya mesquite na kuuza kuni mjini ili waishi. Baadaye, mwaka 1965, watafiti wa afya wa serikali ya Marekani walianza kuwachunguza kwa sababu kisukari kilikuwa kimewakumba kwa viwango vya juu mno. Vitabu vya kilimo husema aina za zamani za ngano zilishindwa na aina bora zaidi. Kwa nchi nyingine ni kweli. Kwenye Gila, Sonora Nyeupe ilikauka kwa kunyang'anywa maji, miongo mingi kabla mshindani wake hajazaliwa.

Mshindani huyo, kwa bahati ya ajabu, alizaliwa Sonora hiyo hiyo. Mtaalamu wa mbegu Norman Borlaug aliingia Bonde la Yaqui katika miaka ya 1940 akitafuta ngano isiyoshambuliwa na kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu. Miongoni mwa mbegu alizozitumia zilikuwamo za kutoka Kenya, ambako wakulima na wataalamu walikuwa wamepambana na kutu tangu mlowezi Lord Delamere alipopoteza mazao yake Njoro mwanzoni mwa karne ya ishirini. Moja ya aina zake za mwanzo, Kentana, ilizaliwa na mzazi wa Kenya na mzazi wa Kiitaliano aitwaye Mentana. Kisha zikaja ngano fupi zenye damu ya Kijapani, ikiwemo Sonora 64 iliyopelekwa India na Pakistani na kumpa Borlaug Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970. Wasomaji huchanganya majina haya mawili. Sonora 64 ina bua fupi, punje nyekundu, na hupenda mbolea. Haina uhusiano na ile nyeupe ya mapadri zaidi ya jimbo.

Mbegu za Sonora Nyeupe zilibaki kwa familia chache na kwenye hifadhi za mbegu, hasa ya shirika la Native Seeds/SEARCH lililoanzishwa Tucson mwaka 1983. Katika miaka ya 2010 wakulima wa Marana, kaskazini mwa Tucson, na wengine kwenye ardhi ya Gila yenyewe wakairudisha mashambani, wasagaji wadogo wakainunua, waoka mikate na watengeneza bia wakafuata. Bei inalipa kwa kuwa wanunuzi ni watu wa mjini wenye fedha. Maji nayo yamerudi kwa sheria: mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha suluhu inayoipa Jumuiya ya Gila River, wanakoishi Akimel O'odham, haki ya futi-ekari 653,500 kwa mwaka, kiasi cha mita za ujazo milioni 800. Kesi na madai yalichukua miongo kadhaa.

Msomaji wa Narok, Karatu au Mbeya ataniuliza kama mbegu hiyo ingefaa kwake. Jibu langu ni hapana. Haidai baridi, ni kweli, na unga wake ungetoa chapati laini na biskuti nzuri. Lakini punje nyeupe ingeota sukeni mara mvua za vuli zinapowahi Uasin Gishu. Na katika nyanda zetu za juu kuna ngano mbichi mahali fulani karibu mwaka mzima, kwa hiyo kutu ya shina haikosi pa kulala. Aina kali ya kutu iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na tangu mwaka 2005 ngano za mataifa mengi huletwa Njoro kupimwa dhidi yake. Nyingi zilizosifiwa kwao zimeungua hapo. Mbegu ya jangwa kavu isiyopita kwenye vitalu vya Njoro haina haki ya kuwekwa kwenye shamba la mkopo.

Kwa hiyo ukikutana na muuzaji wa mbegu ya kale mwenye hadithi tamu, muulize manne tu: inadai baridi au haidai, punje yake ni nyeupe au nyekundu, imepimwa wapi dhidi ya kutu, na nani amekubali kwa maandishi kununua unga wake. Akishindwa hata moja, mshukuru, na ngano yako inunue dukani.